Matembezi ya Siku Moja Wakati wa Kipupwe

SWALI: Mimi na mume wangu tunaishi Mtwara mjini, nasi tuna siku moja tu ya mapumziko mwezi Julai. Twende wapi pwani?

JIBU: Dada yetu, kwa kuwa Julai kusi huvuma na bahari huchafuka, ningeiacha mashua, nikapanda daladala hadi Mikindani, mwendo wa kilomita zipatazo 10 tu. Ghuba yake imekingwa na upepo, na boma la Wajerumani la mwaka 1895, ambalo limegeuzwa hoteli, bado linautazama mji huo ambako Livingstone alianzia safari yake ya mwisho barani mwaka 1866. Zungukeni vichochoroni polepole mkitazama nyumba kuukuu za mawe (mume asiharakishe!). Chukueni sweta za jioni.