Sare na Mchezaji Aliyekuzidi Alama

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu wa miaka 14, mwenye alama 1600 za kimataifa (zinazopima uwezo wa mchezaji), alitoka sare katika mashindano ya sataranji na mtu mzima mwenye alama 1800. Mwishoni kila mmoja alibaki na mfalme na ngome, ila mwenzake alikuwa na askari mmoja zaidi. Watu wanasema mtoto alihurumiwa. Isitoshe, mwanangu aliongezewa alama 10.4, ilhali mpinzani wake alipunguziwa 5.2 tu. Je, hesabu hiyo ni sahihi?
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Ndugu msomaji, katika hali uliyoieleza mara nyingi anayejilinda anaweza kupata sare, mradi mfalme wake awe mbele ya askari wa adui naye ajue njia, na njia hiyo ilielezwa na Mfaransa Philidor tangu karne ya 18. Tuseme (herufi ikitaja safu ya wima na namba safu ya mlalo) mfalme wa mwanao yuko d8 na ngome yake a6, naye mpinzani ana mfalme e5, askari d5 na ngome h7. Ngome ya a6 inamzuia mfalme wa adui asiingie safu ya sita; askari akisogea d6, ngome inateremka mara moja hadi a1 na kuanza kumtia mfalme huyo shaha, yaani kumshambulia moja kwa moja, kutoka nyuma, naye hana pa kujificha, kwa kuwa mraba ambao ungemkinga umekaliwa na askari wake mwenyewe. Mtoto anayelijua hilo amelisomea, na si haki hata kidogo kumwambia kwamba alihurumiwa. Hata Garry Kasparov, akiwa anaongoza orodha ya wachezaji duniani, alitoka sare na Magnus Carlsen wa miaka 13 mjini Reykjavik mwaka 2004, katika mchezo wa muda mfupi.

Kuhusu alama, hesabu ni sahihi. Kwa tofauti ya alama 200, jedwali la FIDE, shirikisho la sataranji la kimataifa, humtarajia aliye juu apate 0.76 ya pointi moja ya ushindi na aliye chini 0.24. Sare humpa kila mmoja 0.5, kwa hiyo mmoja amepungukiwa 0.26 na mwingine amezidisha kiasi hichohicho. Kiasi hicho huzidishwa kwa 20 kwa mtu mzima wa kiwango hicho, lakini kwa 40 kwa kijana aliye chini ya alama 2300, hadi mwisho wa mwaka anaotimiza miaka 18, kwa sababu uwezo wa vijana hupanda haraka kuliko alama zao.