Wasomaji Wanauliza: Majina ya vijiji kwenye ramani za wanajeshi

Swali: Nimepata nakala ya ramani ya Wajerumani ya skeli ya 1:300,000. Imeandikwa Moschi, Aruscha, Muansa, Bagamojo. Je, ndivyo wazee walivyotamka enzi hizo? — Msomaji, Moshi

Jibu: Hapana. Sauti ni ileile ya leo, ila imeandikwa na sikio la Kijerumani. Irudishe kwa mpangilio huu: *tsch* iwe *ch*, kisha *sch* iwe *sh*, halafu *dj* iwe *j*. Hapo tu ndipo ugeuze *j* iliyobaki, isiyotokana na *dj*, iwe *y*. Ukianza na *j*, Udjidji itakuwa Udyidyi na Ujiji hutaiona tena. *U* iliyotangulia irabu mara nyingi ni *w*. *S* moja yahitaji tahadhari: Mjerumani husoma *z* kama *ts*, hivyo akiisikia *z* yetu aliandika *s*, ndiyo maana ya Muansa. Alipotaka *s* halisi alizidisha: Mombassa, Kilwa Kissiwani.

Baada ya hapo jiulize jina lilifikaje kwenye karatasi. Ofisa alikuwa safarini na dira na saa, akiandika pembe ya njia, muda wa mwendo na jina alilotajiwa. Madaftari ya safari kama hizo yalipelekwa Berlin, ambako Paul Sprigade na Max Moisel waliyaunganisha wakachora ramani. Kwa hiyo majina yamesongamana kando ya njia, na palipo patupu si lazima palikuwa pori. Huenda hakupita mtu mwenye daftari.

Kosa kubwa si la tahajia, ni la swali. Mgeni akinyoosha kidole kwenye maji na kuuliza "hii nini?", atajibiwa "ziwa". Livingstone mwaka 1859 aliandika Nyasa, neno ambalo kwa Kiyao ni ziwa, nasi hadi leo twasema Ziwa Nyasa. Vilevile, vijiji vingi viliandikwa kwa jina la jumbe aliyekuwepo. Jumbe akifa au akihama, jina lilimfuata au lilipotea. Ukikuta "Kwa Fulani", tafuta kwanza mtu, ndipo utafute mahali.

Na usiitwike ramani mzigo isiouweza. Bagamojo inakuhakikishia *y* tu. Haiamui kama asili ni kubwaga mzigo wa moyo au kukata tamaa.

Swali: Kijiji cha babu kipo kwenye ramani ya 1:50,000. Nimefuata GPS, nimekuta kichaka. Ramani ina makosa? — Msomaji, Korogwe

Jibu: Kagua kifaa kabla ya kuilaumu ramani. Ramani zetu za mfululizo wa Y742 zimejengwa juu ya datamu (msingi wa kupimia mahali duniani) ya Arc 1960, nacho kifaa chako bila shaka kimewekwa WGS84, datamu ya kawaida ya GPS. Tofauti yake ni karibu mita 300, zaidi kwa upande wa kaskazini–kusini, na zinatosha kukuvusha mto. Ingia kwenye mipangilio, chagua Arc 1960 na UTM (mfumo wa gridi ya mita) kanda 37 kwa Korogwe, kisha soma namba za mashariki kabla ya za kaskazini. Rejea ya gridi ya tarakimu sita, tatu za mashariki na tatu za kaskazini, inakupa mraba wa mita 100 kwa 100, yaani milimita 2 kwenye karatasi.

Pili, maandishi ya jina si alama ya mahali. Mchoraji huyasogeza yasifunike kontua (mistari ya mwinuko) au barabara. Pima kutoka kwenye alama ya nyumba.

Ukiwa sawa kote huko na bado ni kichaka, tazama mwaka wa picha za anga kwenye ukingo wa karatasi. Ukiwa kabla ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, huenda watu walihamishwa na jina likabaki nyuma. Tafuta miembe mikubwa, mawe ya mafiga, makaburi.

Kwa wazee, usitamke jina la ramani kwanza. Ukiuliza "hapa ndipo Fulani?", utaitikiwa ndiyo kwa heshima tu. Sema: "Shikamoo mzee, hapa panaitwaje?" Uliza watatu, kila mmoja peke yake, tena kilima, kijito na kitongoji kila kimoja kwa jina lake, maana wachora ramani walizoea kutandaza jina moja juu ya vyote vitatu.

Swali: Kariakoo ni jina la kabila gani? — Msomaji, Dar es Salaam

Jibu: La kabila lolote sio. Ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipoingia Dar es Salaam mwaka 1916, wapagazi waliwekwa hapo. Nairobi nako walikuwa na kambi, na jina likawa Kariokor.