Mkuu, msiteremke Amani kwa frii

Hapana. Nilipofika, kwenye ujumbe wako, pale ulipoandika kwamba mmeambiwa "kwenye miteremko mnazima injini, mnapiga frii, mnaokoa mafuta", nimeweka simu chini nikatoka nje kupunga upepo kwanza. Nimerudi sasa, naandika.

Mengine nimeyaona. Wewe na rafiki yako, pikipiki mbili, Boxer za 150, siku sita mwishoni mwa Machi, kutoka Dar mpaka Muheza, mpande Amani kwenye milima ya Usambara Mashariki, mwende Lushoto, mrudi kwa Pangani. Umeuliza koti gani la mvua, gesti gani nafuu, mwezi gani mzuri, mafuta ya kiasi gani. Ya mwezi na ya mafuta nitafika huko. Kwanza hili la frii, yaani kushuka bila gia, kwa sababu hilo ndilo litakalowavunja.

Mie ni wa Tanga mjini, nimekulia Ngamiani, pikipiki naendesha tangu 2011 na miaka minne kati ya hiyo nilikuwa kijiweni nabeba abiria. Kwa hiyo usije ukadhani unasoma maneno ya mtu anayeogopa pikipiki. Februari 2019 mimi na swahiba wangu, fundi cherehani, tulipanga wiki nzima ya kuzunguka mkoa wetu wenyewe, maana tulikuwa tunaona aibu kuwa watu wanatoka mbali kuja kuangalia Usambara na sisi tunaiona kwa mbali tu tukiwa barazani. Pikipiki tulikodi, mbili, kwa jamaa mmoja wa hapa mjini.

Yule jamaa alipotukabidhi funguo alisema hivi, nayakumbuka neno kwa neno: "Kule juu mkishuka zimeni kabisa. Pigeni frii, mlima wenyewe utawashusha. Mafuta mtarudi nayo." Nikamuonyesha tairi la nyuma la pikipiki ya swahiba, meno ya katikati yameshalika, unapitisha kidole hakikwami popote. Akasema Februari ni kiangazi, tope litoke wapi?

Na mimi nikakubali. Mtu wa Tanga, niliyeona mawingu ya Amani maisha yangu yote, nikakubali.

Ni kweli Februari hapa mjini ni jua la utosi. Lakini Amani haifuati kalenda ya mjini. Upepo unatoka Bahari ya Hindi na unyevu wake, unapita juu ya mikonge na michungwa ya Muheza bila kudondosha kitu, ukigota Usambara Mashariki hauna pa kwenda ila juu. Ukipanda unapoa, ukipoa unaachia maji. Kule mvua haisubiri masika wala vuli. Msitu ule hauwi kijani mwaka mzima kwa bahati, na chai haioti mahali pakavu. Siku ile tulinunua machungwa Muheza saa nne asubuhi jua linachoma, tukafika Zigi kwenye geti la hifadhi kuna manyunyu, tukafika juu Amani ukungu umeziba hata sioni taa ya nyuma ya mwenzangu hatua ishirini mbele yangu. Kutoka Muheza mpaka juu ni kama kilomita 35 tu. Hali ya hewa tatu tofauti ndani ya asubuhi moja.

Kupanda tulipanda vizuri. Gia ya kwanza, gia ya pili, polepole, pikipiki inanguruma, tunasimama kupiga picha kwenye maporomoko. Tukalala juu. Usiku mzima mvua kwenye bati. Asubuhi mzee mmoja aliyekuwa anasubiri gari na viroba vyake vya hiliki alituona tunafunga mizigo akasema, "Wagosi, njia imelowa, ngojeni kidogo ikauke." Nikamjibu tuna safari ya Lushoto, giza lisitukute Soni njiani. Akanyamaza. Mzee wa mlimani akinyamaza namna ile, mkuu, shusha mzigo ukae.

Tuliondoka saa nne na nusu. Nilipofika mwanzo wa mteremko ni mimi, kwa mdomo wangu huu, niliyemgeukia swahiba nikamwambia: "Zima, piga frii." Yeye alikuwa ameshaweka gia ya pili. Akaitoa kwa sababu nimemwambia mimi.

Ninachokikumbuka zaidi ni ukimya. Umezoea pikipiki inaongea chini yako, mara ghafla hakuna kitu, unasikia matone kwenye majani na tairi zinavyonyonya tope. Dakika mbili za kwanza raha tupu. Halafu unagundua mwendo unaongezeka na wewe hukuuongeza. Unagusa breki, inapunguza kidogo. Unaachia, inakimbia tena zaidi. Udongo wa kule ni mwekundu, mfinyanzi, ukilowa unang'aa kama umepakwa mafuta, na unajaza nafasi yote kati ya tairi na madigadi mpaka tairi linakuwa gurudumu la udongo. Nyuma tulikuwa na breki za viatu, zimeshaingia maji kwenye madimbwi mawili juu. Kiatu kilicholowa ndani ya ngoma yake hakishiki, kinateleza tu. Kwa hiyo kilichobaki kinashika ni breki ya mbele, na breki ya mbele kwenye mfinyanzi ni kitu cha kugusa kwa kidole kimoja, si cha kukamata.

Na taa. Hili wengi hawalisemi. Pikipiki zile taa ya mbele ilikuwa inakula umeme wa injini moja kwa moja. Ukizima injini, na taa imekwenda. Tulikuwa tunashuka kwenye ukungu bila sauti na bila taa, watu wawili, kwenye njia ambayo magari ya majani ya chai yanapanda.

Likatokea. Kona ya kushoto, gari linapanda polepole upande wake, dereva hana kosa lolote, hakutusikia wala hakutuona mpaka tumefika. Akapiga honi. Swahiba alikuwa mbele, akafanya anachofanya kila binadamu akishtuka: akakamata breki ya mbele kwa vidole vyote vinne. Tairi la mbele likaondoka chini yake kama mtu amevuta zulia. Nashukuru Mungu mpaka leo kwamba aliangukia upande wa mlima, kwenye mfereji, si upande wa bonde. Machungwa yetu tuliyoyafunga nyuma yalikatika mfuko yakaendelea na safari yenyewe, nikayaona yanabingirika kupita chini ya gari lile, mekundu kwa udongo, na mimi miguu yote miwili iko chini nakokota, nasimama mita labda tatu kutoka kwenye kichwa cha swahiba.

Mtulinga, mfupa ule wa kati ya shingo na bega. Ulivunjika mtulinga wa kulia. Mama mmoja aliyekuwa anapanda na mzigo wa kuni aliutua, akafungua kanga yake ya juu, akamfunga mkono kifuani kwa mafundo mawili kama mtu aliyefanya kazi hiyo miaka yote, akamwambia "Usiutikise, mwanangu." Hakuniuliza jina wala hakutaka kitu. Dereva wa lile gari aligeuza pale penye nafasi akamshusha mwenyewe mpaka Muheza.

Sasa hesabu yako ya mafuta. Kutoka Amani juu mpaka Zigi ni kama kilomita tisa. Boxer inakula lita moja kwa kilomita 45 hivi. Hata ukisema kilomita zote tisa hukutumia tone, umeokoa moja ya tano ya lita. Tuseme lita moja ni elfu tatu. Umeokoa shilingi mia sita. Mimi mia sita zile zilinigharimu hivi: swahiba wiki nane hajakalia cherehani, sare za shule za watu zimebaki zimekatwa hazijashonwa, wateja watatu wakamhama. Matibabu nililipa mimi, na ilikuwa haki yangu kulipa. Na yule mwenye pikipiki, yule yule wa "mlima utawashusha", alitudai laki tatu na kumi za usukani uliopinda, pedeli ya gia na kioo. Nilipomkumbusha alichotuambia akasema yeye alimaanisha barabara ya lami. Hakusema lami. Hakusema! Mpaka leo nikipita karibu na kwake napita upande wa pili wa barabara, kwa sababu nikisimama nitasema maneno ambayo mama yangu hakunifundisha.

Kwa hiyo shika hili hata kama utasahau mengine yote: gia uliyopandia ndiyo ya kuteremkia. Ulipanda kwa ya kwanza, shuka kwa ya kwanza. Ukiwa na gia na umeachia moto, yaani hupigi resi, injini yenyewe inashikilia tairi la nyuma, inalishika sawasawa muda wote bila kulifunga. Breki inakuwa ya kusaidia tu. Unafika chini breki ziko baridi, taa inawaka, na wanaopanda wanakusikia.

Na kuna kosa dogo ndani ya hili ambalo waendeshaji wazuri kabisa wanalifanya: wanaweka gia, halafu wanashuka wameshika klachi. Ukishika klachi ni frii ile ile, gia iko lakini haifanyi kazi. Klachi iachie. Ila uiachie taratibu, na gia uibadilishe pale juu kabla mteremko haujaanza, ukiwa kwenye mwendo wa kutembea. Ukishuka umeshachanganya mwendo halafu ukadumbukiza gia ya kwanza kwa nguvu na kuachia klachi ghafla, tairi la nyuma linafunga na unakwenda chini vilevile. Kona ipunguzie mwendo kabla hujaiingia, pikipiki ikiwa imesimama wima, maana ukiwa umeshalala kwenye kona na chini ni tope, breki yoyote ni ya kuangusha. Mkipita kwenye maji, mkitoka tu gusa breki ya nyuma kidogo kidogo mita kadhaa mpaka uisikie inashika tena. Viatu vinakauka kwa joto lake.

Utaniambia Lushoto ni lami. Ndiyo, Mombo mpaka Lushoto kilomita 33 lami, na ndiyo maana naiogopa zaidi kwa ajili yenu, kwa sababu mtaiamini. Kona juu ya kona, bonde liko pembeni, malori ya kabichi na mabasi yanakuja, na mvua ya dakika za kwanza inainua mafuta na vumbi vilivyokaa kwenye lami, panakuwa na utelezi kuliko baada ya mvua kunyesha saa nzima. Mombo kutakuwa na jua na joto, juu kuna wingu. Mkiliona lile wingu limekalia mlima, kunyweni chai Mombo. Na siku ya kushuka ni gia ile ile mliyopandia, hata mabasi yawapigie honi nyuma. Kaeni pembeni yapite.

Mwezi: mwishoni mwa Machi masika yanaanza, yanakwenda mpaka Mei, kwa hiyo kama likizo inasogezeka, sogezeni. Kama haisogezeki, ongezeni siku moja isiyo na safari, mkaikalie popote mvua itakapowakuta. Sisi tungekuwa na siku hiyo, ningemsikiliza yule mzee wa hiliki. Nilikuwa nakimbilia Lushoto ambayo ilikuwepo jana yake na ingekuwepo kesho yake.

Tairi kagueni kabla ya kulipa. Pitisha kidole kwenye meno ya katikati, si ya pembeni, pembeni huwa mazima hata kwenye tairi lililokwisha. Anayewaambia linatosha, mwambieni aje nalo yeye Amani.

Swahiba anashona tena, mkono umepona, ila kukiwa na baridi anasema mtulinga unamtekenya. Mwaka uliofuata tulipanda tena, wawili, kwa pikipiki yangu na ya kaka yake, tukamtafuta yule mama tukampelekea doti ya kanga. Alituangalia, akaniuliza mimi, si yeye: "Safari hii mnashuka vipi?" Nikamwambia kwa gia ya kwanza, mama. Akacheka, akasema sawa, nitawasikia.

Mkifika Muheza niandikie. Kabla ya kwenda Zigi nitawapeleka kwenye kilima kimoja kifupi cha udongo, tukimwagie maji ndoo mbili, mshuke mara tano tano nikiwaona.