Likizo zetu hazikutani, tutasafiri lini?

Pole dada, nimekuelewa: wewe muuguzi wa zamu, mumeo yuko benki, likizo zenu hazikutani. Msisubiri mwezi mzima wa pamoja. Sheria ya kazi Tanzania inawapa siku 28 kwa mwaka, lakini mwajiri ndiye anayepanga lini, kwa hiyo ombeni mapema, kwa maandishi, kabla ratiba ya likizo haijapangwa.

Kwa sasa anzeni na safari fupi. Sikukuu ikiangukia Ijumaa au Jumatatu, badilishana zamu na mwenzako wa kazini, mpande treni ya SGR kutoka Dar hadi Morogoro, mlale chini ya milima ya Uluguru. Ukitoka zamu ya usiku, tafadhali lala kwanza. Msilipie hoteli kabla ruhusa haijasainiwa. Mkinyimwa likizo kabisa, mwoneni afisa kazi.