Kadi yangu ya ATM iko kwa mkopeshaji, na mume wangu hajui

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro, nina watoto watatu, na mume wangu anaendesha bajaji ya mkataba. Mshahara wangu wa msingi ni 780,000 lakini unaoingia benki ni 265,000, kwa sababu ya makato na mkopo tulionunulia kiwanja. Januari mtoto alipopangiwa shule ya bweni nilikopa 200,000 kwa mama mmoja wa mtaani. Alichukua kadi yangu na namba ya siri. Kila mshahara ukitoka anatoa 60,000 za riba, kisha ananikabidhi inayobaki. Ni mwezi wa tano sasa. Nina pia mkopo wa simu wa 100,000, ingawa walinitumia 70,000 na kunipa siku saba tu. Wiki iliyopita hao wa simu wamemtumia ujumbe mkuu wangu wa shule na wifi yangu kwamba mimi ni tapeli. Benki wanasema naweza kukopa tena juu ya ule mkopo wa zamani, nianze miaka saba upya. Nichukue? Kiwanjani tuna tofali 900 tu, zimeota nyasi. – Mwalimu, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Kwanza, wewe si tapeli, wala si mwalimu wa kwanza kukabidhi kadi. Walimu, manesi, askari, wananiandikia hayahaya, na karibu wote wanaanza kwa kujilaumu kwamba hawajui kutunza pesa.

Nimekaa na kalamu nikapiga hesabu yako. PSSSF, yaani mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, asilimia 5, bima ya afya 3, chama cha walimu 2, Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa chuo 15, halafu kodi ya mapato. Hapo zinaondoka kama 259,000 kabla hujamlipa mtu yeyote. Ndipo benki wakaja na 255,000 yao. Sheria inataka mtumishi abaki na theluthi moja ya mshahara wa msingi, nawe umebakiwa nayo kamili, kwa hiyo kwenye karatasi mambo yako ni safi. Ila theluthi hiyo ni 260,000, nyumba ina watu watano, na bajaji ikilala siku mbili gereji mkataba wa tajiri mwenye bajaji haulali.

Tatizo lilianzia hapo. Kiwanja ni kitu cha miaka ishirini, mkakilipia kwa pesa ya unga na nauli. Januari ilipofika hapakuwa na nafasi hata ya godoro. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali ilifutwa tangu 2016, tunashukuru, lakini godoro, tranka, ndoo na sare mbili haviji bure, na mtoto haripoti bweni mikono mitupu. Hukukopa kwa anasa. Ulikopa kuziba pengo, na sasa kile kizibo kinakula mshahara kuliko pengo lenyewe.

Tazama huyo mama wa kausha damu, mikopo ya mtaani ya riba kali. Umeshampa 300,000 za riba, na 200,000 yake iko palepale, haijapungua hata shilingi. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wadogo wenye leseni kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa deni lako hiyo ni 7,000. Yeye anachukua 60,000, tena kwa mkono wake, kwenye mashine, wewe umesimama pembeni ukisubiri chenji ya mshahara wako. Hilo limeniuma kuliko yote uliyoandika.

Mkopo mpya wa benki usichukue. Makato yako yameshagusa theluthi, kwa hiyo watakachofanya ni kurefusha miaka tu, na hizo milioni mbili tatu zitakazoingia mara moja zitakuta harusi za ukoo zimejipanga foleni, na kadi za mchango mkononi.

Mwishoni kabisa mwa barua, kama jambo dogo, umesema kiwanjani mna tofali 900 zimeota nyasi. Mwanangu, fedha yako iko pale. Uzeni 400. Hata kwa 1,000 moja mtapata 400,000, mtamlipa mama mtaji wake wote na wa simu pia, na 60,000 zitarudi jikoni kila mwezi. Msingi utasubiri.

Lakini tofali ni zenu wawili, kwa hiyo lazima mumeo ajue, na ajue kwako kabla wifi hajamfikia. Usimwambie usiku akiwa amechoka na hesabu ya tajiri. Mtafute Jumapili watoto wakiwa nje, muwekee hati ya mshahara mezani, mpitie mstari kwa mstari kama unavyomfundisha mwanafunzi. Akifoka, mwache afoke. Naye amekula ugali wa pesa hiyo.

Hao wa simu walikutumia 70,000 wakaandika 100,000, na siku saba tu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Angalia kama yako imo. Piga picha kila ujumbe waliowatumia watu wako, upeleke malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Na usikope programu nyingine kuilipa hii, hata wakikutukana vipi.

Siku ya kumlipa mama, nendeni na mwenyekiti wa mtaa. Aandike kwa mkono wake kwamba hadai tena, asaini, na mwenyekiti asaini. Kadi ikirudi, usipitie sokoni wala nyumbani. Nenda moja kwa moja kwenye mashine ukabadilishe namba ya siri kabla hujatoa hata senti.