Wachache kuzuia muswada Seneti ya Marekani: ni kanuni, si Katiba

Je, Katiba ya Marekani ndiyo inayowapa maseneta wachache uwezo wa kuzuia muswada? Hapana, haimo kwenye Katiba. Mbinu ya kukwamisha muswada kwa kurefusha mjadala inatokana na kanuni za Seneti yenyewe, na Seneti inaweza kuzibadili, kama ilivyokwisha kufanya. Mwaka 1917 ilikubali mjadala ufungwe kwa theluthi mbili ya kura. 1975 ikashusha hadi kura 60 kati ya 100. Kwa uteuzi wa majaji na maofisa sasa wingi wa kawaida unatosha (tangu 2013, na kwa majaji wa Mahakama ya Juu tangu 2017). Miswada fulani ya bajeti nayo ina njia yake ya kupita kwa wingi wa kawaida.

Kwangu mimi, wachache wapewe muda wa kusikika, wasipewe kufuli la mlango. Mwaka 1957 seneta Strom Thurmond alisimama akihutubia saa 24 na dakika 18 kupinga sheria ya haki za kiraia, akisoma sheria za uchaguzi za jimbo moja baada ya jingine. Angalau alisimama, na sheria ikapita. Siku hizi maseneta 41 wakigoma tu kufunga mjadala, muswada umekwama, bila mtu kufungua mdomo.