Lekchara wako hajaweka nadhiri

SWALI: Padre, mimi ni mkuu wa kitivo kwenye chuo kikuu cha Kikatoliki hapa Nairobi. Tulipelekwa semina Naivasha, mkufunzi akasema utii wa Mtakatifu Benedikto utamaliza ubishi kwenye mikutano yetu. Nauanzishaje bila kuonekana dikteta?

JIBU: Daktari, hizi semina zikiisha huwa napata swali hili hili, na mimi nauliza tu, huyo mkufunzi aliifungua Kanuni, kile kitabu Benedikto aliandikia wamonaki wake, ama alikuja na slaidi? Utii uko sura ya 5. Kabla ya hapo, sura ya 3, Benedikto anamwambia abate, yaani mkuu wa monasteri, kukiwa na jambo kubwa aite jumuiya yote, awaeleze mwenyewe, asikilize, na waitwe wote sababu mara nyingi Mungu humfunulia mdogo lililo bora. Kuamua ni kwa abate, sawa, lakini ameketi akasikia. Kwako mdogo ni nani? Ni yule wa patitaimu anakaa karibu na mlango, bahasha ya skripti kwa magoti, haongei sababu kontrakti inaisha Agosti.

Na chenye kinaniudhi kabisa ni watu kuchukua utii wakaacha mengine yote. Novisi, yule anajaribiwa kabla ya kuwa mmonaki, husomewa Kanuni mara 3 ndani ya mwaka mmoja, anaambiwa kama hii imekushinda nenda zako, ndio aahidi. Abate naye huchaguliwa na ndugu zake. Lekchara wako alisaini karatasi kwa ofisi ya wafanyakazi, wewe uliletwa na barua, sasa utamdai nadhiri gani? Hata mmonaki akipewa kazi isiyowezekana, sura ya 68 inamruhusu amweleze mkubwa kwa upole, na ni mkubwa akisisitiza ndio anatii. Pengine huo ubishi wako ni watu wanakwambia madarasa ni mengi, basi.

Hawa wakufunzi wa mishumaa na nyimbo za Kilatini kwa spika wametuharibia. Kuna chuo kimoja (sikitaji) walifundishwa ukimya, wakarudi, mtu akiuliza bajeti anaambiwa atunze ukimya mtakatifu! Benedikto alizungumzia maneno ya ovyo, hesabu za pesa hazimo, na mtunza stoo wake, sura ya 31, anatakiwa atunze hata vyombo vya kazi kama vya altare. Kanuni ina sura 73 fupi fupi, jioni mbili unamaliza, sasa wikendi ya hoteli ni ya nini?

Mkutano ujao wapelekee bajeti mapema waisome, halafu wewe ongea wa mwisho.